Baada ya Kipaimara hatusomi tena: darasa la imani kwa watu wazima, tulivyolianza kigangoni

Katibu wa Jumuiya (mleta mada)

Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na msiba. Mwaka juzi tulimzika mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki. Jioni ya tatu tukiwa kwenye sala, mjukuu wake, kijana wa chuo aliyehamia kanisa jingine, akauliza kwa adabu kabisa: "Shikamooni wazee wangu. Samahani, mnamwombea marehemu ya nini, na imeandikwa wapi?"

Tulikuwa watu wazima zaidi ya 30. Mwenyekiti akanitazama mimi, mimi nikamtazama mwalimu wa kwaya, mwalimu wa kwaya akainama. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa." Kijana akashukuru, akanyamaza. Rozari ikaendelea, lakini mimi nilikuwa sisali tena, nilikuwa nahesabu miaka.

Ni katibu wa jumuiya mwaka wa tisa huu. Nimesimamia watoto 6 Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Darasa langu la mwisho la dini lilikuwa hilo hilo la Kipaimara, nikiwa na miaka 14. Kazi yangu ni cherehani. Nilikaa kwa fundi miaka 3 ndipo nikaaminiwa kukata kitambaa cha mtu, na hadi leo mshono mpya ukitoka najifunza. Ila imani ninayosimama kuiongoza mbele za watu niliiacha pale pale nilipokuwa binti wa miaka 14. Nadhani wengi humu ni hivyo hivyo. Tunachaguliwa viongozi wa jumuiya, wasimamizi wa ndoa, washauri wa wachumba, wasomaji wa Neno, wenye kuongoza sala makaburini, na hakuna aliyetuketisha chini kutufundisha.

Nilimfuata katekista wetu, mwalimu wa dini, asubuhi iliyofuata. Akafungua Biblia yake, kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Mmakabayo baada ya vita anakusanya drakma 2,000 za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa. Nikafungua yangu nisome naye: hakuna Wamakabayo. Nilikuwa natembea na Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952 yenye vitabu 66, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kununua. Yetu ina 73. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, vyote havimo mkobani mwangu, na nilikuwa sijawahi kugundua.

Kisha akanisimulia habari za Mtakatifu Monika. Mama wa Kiafrika, wa Thagaste, Algeria ya leo. Alipokuwa anakufa Ostia mwaka 387, mbali na kwao, mmoja wa wanawe akataka afie nyumbani azikwe kwao. Mama akawaambia mwili wauzike popote, wasihangaike nao. Aliloomba ni moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Mama yule alikuwa anajua anachokiomba. Sisi tulikuwa tunafanya aliloomba yeye miaka zaidi ya 1,600 baadaye, na hatukuweza kumweleza mtoto mmoja mwenye adabu.

Hapo ndipo darasa letu lilipozaliwa. Naeleza lilivyokwenda, na makosa yetu, kwa yeyote anayetaka kuanzisha kwao.

Tulianza watu 11, kila Jumanne saa 11 jioni, kwenye chumba cha chekechea cha parokia. Viti ni vya watoto, magoti yanafika kifuani, tumezoea. Walimu ni katekista, sista mmoja ambaye ni nesi mstaafu, na Baba Paroko mara moja kwa mwezi. Tuliweka sheria moja tangu siku ya kwanza: Jumanne hakuna mchango. Hakuna bahasha, hakuna daftari la ahadi, hakuna tangazo la ujenzi. Naona sheria hii ndiyo iliyotubakiza hai. Wapo watu wanaokimbia jumuiya kwa sababu kila wakikaa wanadaiwa, na wengine hawana kweli. Mama anayeuza mboga alikuja kwetu wiki ya nne, akasimama mlangoni akaniuliza taratibu, "Hapa ni shilingi ngapi?" Nikamwambia hapa ni bure. Hajakosa tangu siku hiyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mpangilio. Tulichukua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho ya imani, ile iliyotolewa mwaka 1992, tukaanza namba 1 twende mbele. Ina aya 2,865. Tulifika aya ya 40 hivi wakabaki watu 5, wawili wanasinzia. Sista akasema tunamlisha chakula mtu mwenye kiu. Akaleta kopo tupu la maziwa, akalitoboa mfuniko, akasema kila mtu aandike swali linalomkosesha usingizi, asiweke jina. Wiki iliyofuata kopo lilijaa.

Kwa nini Mungu alimchukua mwanangu? Naweza kwenda kwenye tambiko la ukoo? Mume wangu si Mkristo, ndoa yangu ni halali? Mafuta ya upako wanayouza mjini yana nguvu kuliko maji ya baraka? Tumeishi miaka 19 bila ndoa ya kanisa, tutakufa hivi?

Hilo la mwisho niliseme kidogo. Aliyeuliza alijitaja mwenyewe baadaye, akaja na mwenzake. Walikuwa wameahirisha ndoa miaka yote hiyo kwa sababu ya ukumbi, suti, gauni, na kamati ya harusi. Jumanne ile tulisoma pamoja Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1108: ndoa inafungwa mbele ya paroko au aliyepewa ruhusa, na mashahidi wawili. Keki haimo. Wakarudia mafundisho, wakaleta vyeti vya ubatizo, matangazo yakasomwa, wakafunga ndoa kwenye misa ya asubuhi siku ya kazi. Tulikunywa chai na maandazi, yeye akiwa na kitenge nilichomshonea. Miaka 19 walikuwa wanakaa benchi la nyuma wakati wa komunyo.

Nikumbushe tu kwamba hatukubuni kitu. Mwongozo wa Katekesi, yaani wa kufundisha imani, wa mwaka 1971 ulishasema katekesi ya watu wazima ndiyo iliyo kuu, na Papa Yohane Paulo II akalirudia hilo mwaka 1979 katika Catechesi Tradendae. Kanuni ya 776 inamtaka paroko ashughulikie mafundisho ya watu wazima, vijana na watoto. Watu wazima wametajwa wa kwanza. Kanuni ya 229 inatuambia sisi walei, waumini tusio mapadre wala watawa, kujua mafundisho ni wajibu wetu na haki yetu. Haki. Nililisoma neno hilo mara tatu.

Karibuni tuchangie.

Rozari Kila Siku

Milele amina. Mama, nakuheshimu lakini nina wasiwasi. Bibi zetu hawakujua kanuni ya 776 wala mtaguso wowote. Walishika rozari, wakalea mapadre. Elimu nyingi italeta kiburi na ubishi kanisani. Tusali tu, inatosha.

Katibu wa Jumuiya (mleta mada)

Ndugu yangu, asante kwa kusema wazi, na rozari siiachi. Ila kuhusu bibi zetu naomba tukumbushane.

Kardinali Lavigerie alipowatuma Mapadre Weupe kwenye maziwa makuu, aliwaamuru wafuate ukatekumeni wa miaka 4, kama Kanisa la mwanzo. Miaka 4 kabla ya maji kumgusa mtu! Bibi yangu mzaa baba alitembea kwenda mafundisho misheni, akalala huko kwa majuma, akajua katekisimu ya maswali na majibu kwa moyo kuanzia jalada hadi jalada. Hakusoma shule, lakini dini alisoma kuliko mimi mwenye kidato cha nne. Tunamkumbuka bibi akiwa na rozari mkononi tukidhani ndiyo yote, kumbe tulimkuta akiwa ameshahitimu.

Na kuna habari ya Uganda ambayo kila mlei angepaswa kuijua. Mapadre walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 mambo yakawa magumu, wakaondoka, wakavuka ziwa kuja kusini, ndiko kulikotokea misheni ya Bukumbi hapa kwetu Mwanza. Walirudi mwaka 1885. Karibu miaka 3 Buganda haina padre hata mmoja. Wakristo waliobaki wachache, wengi wamebatizwa juzi tu, wakafundishana wenyewe. Mapadre waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Kule Mityana, Matia Mulumba na wenzake Noe Mawaggali na Luka Banabakintu walikuwa wanakusanya watu na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, alikuwa katekista. Aliuawa Mei 26, 1886, na kufundisha watu dini kulikuwa sehemu ya kosa lake.

Hao tunawaita watakatifu tangu 1964, tunabatiza watoto kwa majina yao. Walikuwa watu wazima, walei, waliosoma imani yao wakaifundisha. Mimi naona darasa la Jumanne linatoka huko.

Niliyerudi Nyumbani

Natoa ushuhuda mfupi. Niliondoka Kanisa Katoliki miaka 7. Siyo kwamba nilichukia. Kule nilikokwenda, wiki ya kwanza tu mtu alinikalisha, akafungua Biblia, akaniuliza ninaelewa nini. Nilikuwa na miaka 31 na hakuna Mkatoliki aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nilirudi kwa sababu ya Ekaristi, baada ya kusoma Yohane sura ya 6 usiku mmoja peke yangu. Lakini niseme ukweli, niliporudi sikupata pa kusoma. Nilipelekwa kwenye kamati ya chakula. Naomba wanaoongoza parokia wasikie hili: mtu akirudi nyumbani mpeni kwanza pa kukaa na kusikiliza, vyombo atavikuta vipo.

Mkristo wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma uzi huu wote na moyo wangu umefurahi.

Wengi hawajui kwamba jumuiya ndogo ndogo tulizo nazo leo hazikuanguka kutoka mbinguni. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizijadili mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaamua ndizo zitakuwa msingi wa parokia. Na mwaka huo huo taasisi ya kichungaji ya Gaba, iliyokuwa Kampala, ilihamia hapa kwetu Eldoret. Wamepita hapo masista, makatekista na walei wa nchi nyingi wakijifunza kazi ya parokia. Wazee wenu kule Tanzania pia walikuwa mbele: Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi na watu katika kijiji cha ujamaa, akitaka Kanisa liwe familia kwa matendo.

Swali langu: nyinyi kwa masomo ya Biblia mnatumia njia gani? Huku tunatumia hatua saba za Lumko, ingawa watu wengi wanazikimbiza.

Katibu wa Jumuiya (mleta mada)

Karibu sana ndugu wa Eldoret. Ndizo hizo hizo, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo mimi mwenyewe nilipobadilika.

Kwa wasiozijua: ni njia iliyotengenezwa kwenye taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadre Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, wote wawili baadaye wakawa maaskofu. Tunamkaribisha Bwana kwa sala. Tunasoma. Tunachagua neno au kifungu kifupi, kila mtu anakitamka kwa sauti, tukisimama kimya katikati. Tunanyamaza. Tunashirikishana kilichotugusa. Tunajadili kazi ambayo Bwana anatutuma. Tunamaliza kwa sala za hiari.

Katika jumuiya zetu hatua ya 4 imekufa. Mwongozaji anasema "tukae kimya kidogo", anahesabu moyoni hadi tano, anasema "Amina, sasa nani kaguswa?" Na hatua ya 6 tumeigeuza matangazo ya michango.

Sista alituambia tunyamaze dakika 5 kamili, tukipima kwa saa ya mkononi. Wiki ya kwanza watu walikohoa, wakatazama simu, mmoja akadhani nimesahau akaanza wimbo. Nilikuwa sijui kuwa nasali maisha yangu yote bila kuacha nafasi Mungu aseme lolote. Wiki ya tatu hivi, tukiwa kwenye Injili ya Bartimayo, yule kipofu, neno la Yesu kwake likanikamata: "Wataka nikufanyie nini?" Nikagundua sina jibu. Nina orodha ya maombi ya watu wote wa jumuiya, nimeiandika kwenye daftari, lakini mimi mwenyewe nikiulizwa nataka nini, sijui. Nilibaki na swali hilo miezi. Nilipeleka kwa padre kwenye kitubio, akaniambia nisikimbilie kulijibu.

Kwa hiyo yule ndugu wa Rozari Kila Siku ana hoja pia. Tukisoma bila kunyamaza tutatoka na maneno mengi mdomoni tu. Ndiyo maana kila Jumanne kwetu inaanza na hatua hizi, ndipo kopo linafunguliwa.

Mwenyekiti Mpya

Nani anahakikisha hamfundishani makosa? Kwetu kulikuwa na kikundi kilianza hivi, kikaishia kwenye maono na kufunga siku 40 bila kumwambia paroko.

Katibu wa Jumuiya (mleta mada)

Swali zuri. Kwetu kuna mambo matatu. Mada za mwezi anaziona paroko kabla. Jibu lolote la mafundisho linasomwa kutoka kwenye Biblia au Katekisimu, siyo "mimi nilisikia". Na swali tusilolijua tunaliandika, tunasema hatujui, tunasubiri Jumanne ya Baba Paroko. Lile la tambiko lilisubiri wiki 3 na likachukua Jumanne 2, kwa sababu lina sehemu ya kuwaheshimu wazee wetu waliotangulia, ambayo ni njema, na sehemu ya kutegemea damu ya mbuzi kuondoa laana, ambayo Kristo ameshaimaliza. Wazee wenyewe ndio waliotenganisha nyuzi hizo, padre akisikiliza zaidi kuliko kusema.

Katekista wa Mlimani

Nimekuwa katekista miaka 22, kigango cha mlimani, padre anafika mara moja kwa mwezi barabara ikikubali. Naongoza ibada ya Neno Jumapili, nafundisha wakatekumeni, nazika, naita wagonjwa wapakwe. Nimesoma uzi huu kwa furaha na kwa uchungu.

Furaha ni kwamba Papa Fransisko, Mei 10, 2021, kwa barua Antiquum Ministerium, aliiweka kazi yetu kuwa huduma rasmi ya Kanisa, na Januari mwaka huo alikuwa amefungua huduma ya usomaji na ya akoliti, mhudumu wa altare, kwa wanawake pia. Januari 23, 2022, Dominika ya Neno la Mungu, akawaweka makatekista wa kwanza pale Roma. Nilisikiliza redioni nikiwa shambani, nikasimamisha jembe.

Uchungu ni huu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya kazi ya kimisionari ya mwaka 1965, Ad Gentes namba 17, ulisema makatekista waandaliwe vizuri, na wanaojitoa kwa kazi hiyo kikamilifu wapate maisha ya heshima na ujira wa haki. Mimi nina watoto 5. Semina yangu ya mwisho ilikuwa miaka 8 iliyopita. Watu wananiuliza maswali ya kwenye simu zao, nami jibu langu ni la mwaka nilioanza kazi. Mnapoanzisha madarasa haya mjini, msisahau kwamba mwalimu wenu naye ana njaa ya kusoma.

Nina watu wachache wenye hamu, vitabu havipo, Katekisimu ni yangu moja na imetoka jalada. Nianzeje?

Katibu wa Jumuiya (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma mara mbili. Jumanne iliyopita niliwasomea wenzangu ujumbe wako neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza tulivunja sheria yetu: mama wa mboga ndiye aliyesimama akasema huyu lazima apate vitabu, akaanza yeye. Tumepata Biblia 4 zenye vitabu vyote 73 na Katekisimu 1 mpya. Nakutumia ujumbe wa pembeni unipe basi la kukufikia.

Kuhusu kuanza, usisubiri vitabu vifike. Chukua Injili ya Jumapili inayokuja, ambayo unayo tayari kwa ajili ya ibada. Watu wakiisoma katikati ya wiki kwa hatua saba, Jumapili wataisikia mara ya pili wakiwa na kitu mkononi, na wewe mahubiri yako ya ibada yatakuwa yameshatayarishwa nao. Masomo ya Jumapili yamepangwa kwa miaka 3, mwaka A, B na C. Mkienda hivyo bila kuacha mtakuwa mmepita sehemu kubwa ya Injili zote nne. Swali likitokea, kopo. Na siku padre akipanda mlima, mpe kopo kabla hujampa chai.

Katekista wa Mlimani

Marahaba mwanangu. Nimepokea mzigo, kondakta aliufunga vizuri kwenye mfuko wa saruji.

Jana tulianza. Tulikuwa 7, wanawake 5 na wanaume 2. Tulisoma Injili ya Jumapili ijayo. Hatua ya 4 tulinyamaza kama ulivyosema, dakika 5 nimezipima. Hatua ya 5 taa ya sola ikaisha chaji, nikataka kufunga, mzee mmoja akasema mwalimu, kusema hakuhitaji taa. Tukashirikishana gizani, wale wawili ambao hawasemi kanisani wakasema.

Swali la kwanza nimeliandika leo asubuhi, maana jana sikuona karatasi: "Kama Mungu anajua ninachohitaji, kwa nini Yesu anasema tuombe?" Nimesoma Katekisimu sehemu ya nne tangu alfajiri. Mwenye kunisaidia hapa anisaidie, nina hadi Alhamisi.

Rozari Kila Siku

Mwalimu, soma Mathayo 6:8, halafu soma mstari wa 9 hapo hapo. Anasema Baba anajua, kisha bila kupumua anatufundisha Baba Yetu. Mimi nilikuwa sijawahi kuisoma pamoja. Na Mama Katibu, mnakaa chekechea ipi? Jumanne naweza kutoka kazini saa 10 na nusu.